Risala ya Wodi ya Akili: Dokta Kabula na Kosa la Kupiga Magoti

Mgeni rasmi, Mama Parin Kassamali, Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali; Mganga Mfawidhi; wauguzi wenzetu; mabibi na mabwana, shikamooni.

KARIBU
Karibu wodini kwetu. Utuwie radhi kwa viti. Vizima ni vinne, na umekalia kilicho bora.

SISI NI NANI
Tuko madaktari sita tunaosomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Tulikuwa saba. Wenzetu wa upasuaji hutuita madaktari wa maneno, tumeshazoea.

MAFANIKIO
Wagonjwa wengi wamerudi Nzega na Igunga wakiwa na nafuu, na msimu huu wamelima. Hilo linatufurahisha hata tukiwa hoi.

CHANGAMOTO
Tunapigwa. Risala za nyuma ziliita hali hii "mazingira magumu", mwaka huu tunasema wazi. Dokta Raymundi aling'atwa mkono. Dokta Advera amenunua miwani mara mbili. Hatuwalaumu wagonjwa, ugonjwa huo ndio tunaousomea. Ila kuujua hakuzuii ngumi.

Mwezi uliopita Dokta Kabula alimpokea mzee kutoka Bukene. Kanuni inataka daktari asimame karibu na mlango. Yeye, binti wa Kisukuma, alipiga magoti akamwamkia, kama alivyolelewa. Mzee alikuwa akisikia sauti zikimwambia kwamba anayemsogelea amekuja kumwua, akampiga kichwani kwa kigoda. Kabula alishonwa nyuzi kumi na moja. Kamati ya nidhamu ikaandika kwamba ni uzembe wake, akasimamishwa masomo. Sasa yuko kwao Nzega, anamsaidia mama yake kuchuma pamba. Inatuuma sana.

MAOMBI
Tuliomba mlango wa pili wa chumba cha mahojiano na mlinzi wa mchana. Tuliomba mwaka juzi, tukaomba mwaka jana. Leo hayo tunayaweka kando. Barua ya kumfukuza Kabula iko mezani kwako, inangoja sahihi yako. Mama, tunakuomba usiitie sahihi.

Yule mzee amepata nafuu, Alhamisi anarudi kwao kwa treni. Kila asubuhi anatuuliza: "Yule binti aliyeniamkia yuko wapi? Mie sijamwitikia marahaba." Tunamjibu kwamba yuko likizo. Tumechoka kumjibu hivyo.

Mungu akujalie afya na safari ya heri, na kwa barua hiyo moja tu, akupe mkono mzito kushika kalamu.

Imesomwa na Dokta Masanja, kwa niaba ya madaktari sita wa Wodi ya Akili, Tabora, na wa saba ambaye hayupo.