Yai Ndani ya Kopo

Mwanangu, umewahi kusikia kwamba mjamzito akila yai atazaa mtoto mwenye upara? Bi Sabaha aliliamini hilo, na Tausi, mkwewe mjamzito, hakuthubutu kugusa yai. Kwenye pantoni ya kuvukia kwenda Kigamboni, Tausi akiwa kando yake, Bi Sabaha alimwonyesha jirani wa benchi, Hyasinta, kopo alilotoka kumnunulia mkwewe huyo Kariakoo. “Unga wa nguvu huu, mwanangu. Wameandika unaongeza damu.”

Hyasinta akaligeuza. “Mbele wanajisifu tu, mama. Soma huku nyuma kwenye herufi ndogo. Sukari imetangulia, ndiyo nyingi. Halafu shayiri, maziwa, mayai.”

“Mayai hayo yameshasagwa,” alijibu Bi Sabaha bila kutikisika. “Hayana upara tena.”

Pantoni ilipogusa ng'ambo, Tausi akasema taratibu, “Mama, mimi nataka yai la kuchemsha.”