Kiti Nje ya Mlango wa Darasa

Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, marehemu alibeba kiti kimoja na kukiweka nje ya mlango wa darasa. Hakuna aliyewahi kuonekana amekikalia. Ndiyo sababu shule nzima ilimwita Mwalimu Kiti.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1955 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa fundi mitambo na mshona nguo. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1978, akafundisha historia na uraia katika shule za serikali hadi alipostaafu.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na muuguzi. Mjane wake husimulia kwamba alipoikubali posa yake, marehemu aliuliza, "Nani kakutuma?"

Mwaka 1991 aliwauliza wanafunzi kwa nini watoto wa kiwandani wanakaa sakafuni na watoto wa maofisa wana madawati. Mtu aliyekuwa akisikiliza koridoni hakungoja jibu. Kabla ya kengele, habari zilishafika juu kwamba mwalimu anapandikiza chuki. Alisimamishwa kazi karibu mwaka mzima. Aliporudi, ndipo kiti kilipoanza kutoka nje.

Ofisi ya walimu ikanyamaza kila alipoingia. "Hicho kiti ni cha mabwana zake waliomrudisha kazini," mwalimu wa hesabu alinong'ona. Naye marehemu, akikaribishwa chai, alisubiri mwenyeji anywe kwanza.

Mwaka 2009 ilipopita sheria ya kumlinda mwalimu anayefundisha usawa wa jamii, wenzake walishangilia.

"Mzee, ingiza kiti ndani bwana, tuko huru!" mwalimu wa hesabu alimwambia.

Marehemu aliisoma sheria yote akitafuta mtego. Akavua miwani. "Mbona nzuri hivi?"

Kesho yake kiti kikatoka kama kawaida.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2022, akafariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Mungu amlaze mahali ambapo hatahitaji tena kugeuka kutazama nyuma.

Wiki ile ya mwisho hospitalini, binti yake mdogo, ambaye tangu utotoni aliona haya kumuuliza, alijikaza.

"Baba, kile kiti kilikuwa cha nani?"

Marehemu alitazama mlango kwanza.

"Cha anayesikiliza, mwanangu. Yule wa kwanza alichoka kusimama, akaondoka na nusu ya somo."