Mwana Atakayerudi

Kijiwe chetu ni benchi la zege katika uwanja wa Rivera, Uruguay. Ukivuka barabara umeshaingia Brazil. Asubuhi ile ya baridi Ademar alikuja na wosia mfukoni. Alimtunza baba yake miaka kumi na tisa, na juzi ndiyo tumemzika. Mwalimu Olegario akausoma kwa sauti: "Nyumba iwe ya mwanangu atakayerudi." Wílmar, kaka yake Ademar, aliondoka zamani na hajaonekana tena. Iliniuma kusikia.

— Kitenzi hiki cha "atakayerudi" kimekufa, Mwalimu akasema, akimpitishia Mashoto, mtani wa kijiwe, kibuyu cha mate, chai ya majani makali ninayowamiminia kwa zamu. Umbo hili la jambo ambalo bado halijatokea, na labda lisitokee, Kihispania chetu kimewaachia wanasheria.

— Kimekufa wapi, Mwalimu? Mashoto akadakia. Vuka hapo, Wabrazili wanakisema kwa Kireno chao wakinunua maharage. Ukija, ukitaka, ukiweza, kutwa nzima.

— Kweli, mama wa marehemu alikuwa wa huko, Mwalimu akasema.

— Ndiyo hapo sasa! Mzee kasema kwa ulimi wa mama yake. Kwao huyo mtu anarudi, bado siku tu.

— Kwa mwanasheria ni labda. Asiporudi, nyumba inaning'inia.

— Mimi sijaenda popote, Ademar akasema. Nirudi kutoka wapi?

Mashoto akajiweka sawa.

— Wewe bwana, nyepesi hiyo. Vuka, nunua mkate, rudi. Sisi mashahidi. Mwana karudi.

— Mkate nanunua huko kila siku, Mashoto.

— Basi umerudi mara elfu saba! Wakupe mtaa mzima.

Pembeni alikaa Iracema, fundi cherehani aliyehamia mtaani wiki iliyopita.

— Samahani, kaka Ademar, akasema. Ukienda kununua huo mkate, mzee alikuwa anakungoja?

Mwalimu akaukunja wosia. Mashoto akatazama viatu vyake. Mimi nyumba yangu inatazamana na yao. Kila asubuhi nilimwona mzee dirishani, macho yakiwa upande wa stendi ya mabasi, na duka la mkate liko upande wa pili. Nikajaza kibuyu maji ya moto.

Zamu ya Ademar ikafika. Akanywa mpaka mwisho, akanirudishia kibuyu.

— Asante, akasema.

Kwetu ukisema asante, umejitoa, usimiminiwe tena. Akaondoka, na chupa ya maji moto ilikuwa bado imejaa.