Mvumo Nyuma ya Sauti ya Mzee

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Fundi wa redio, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo yanayosemwa pale nayasikia yote, hata ya kunong'onezana. Wiki nzima ilikuwa habari moja tu. Fundi alimtengenezea mama yake kiboksi cha kukuza sauti: huku unachomeka redio kaseti, kule hedifoni, na sauti inatoka imenenepa. Masikio ya mama yanazidi kufifia, na daktari alishamwambia hayatarudi. Alikuwa na ombi moja, amsikie marehemu mumewe kwenye kaseti pekee aliyoiacha, kabla hajawa kiziwi kabisa. Fundi akaapa kumpa sauti safi. Lakini kila akiicheza kaseti ile, nyuma ya maneno ya mzee kuna mvumo, vuuuu, unakuja na kukatika, unakuja na kukatika. Leo mama yuko njiani, kiboksi kiko wazi juu ya benchi, matumbo nje, na sisi tumeshaanza kutazamana vibaya.

Aliyeanza ni Volti, mzee aliyefunga nyaya za majumba ya watu mpaka mgongo ukagoma.

— Huo ni umeme wa ukutani. Yule mchomea mageti hapo jirani akiwasha mashine yake, wewe huku unavuma.

— Jana nilitumia betri ya pikipiki, Fundi akasema. Ukutani nilichomoa kabisa. Mvumo ukabaki vilevile.

— Unaona sasa! akadakia Jasusi. Huyu zamani alilinda ghala, na mpaka leo hajaacha kulinda. Akaendelea: Mchomea mageti tangu jana hajafungua. Kwa nini hajafungua? Anaficha nini?

— Kama hajafungua na mvumo upo, yeye anaingiaje hapo? nikauliza.

— Wewe Birika, mimina kahawa.

Nikamimina.

— Kapasita umebadilisha? Volti akauliza.

— Zote. Waya wa ethi nimeuhamisha. Waya wa kuingizia sauti nimeweka ule wenye wavu wa kuukinga. Na nikiitoa kaseti, kiboksi kikiwa kinawaka, kimya. Unasikia mate yako ukiyameza.

— Bila kaseti, kimya?

— Kimya kabisa.

Jasusi akashusha kikombe taratibu.

— Basi wanajua saa unapoiweka kaseti.

— Nani wanajua?

— Ndiyo nakuuliza wewe. Nani anaingia humu ndani ukiwa hupo?

Fundi akatuzungusha macho, na kwangu akakawia kuliko kwa wengine. Nilikasirika. Humo ndani naingia kuchota maji tu, na anajua.

— Tuache hayo, akasema Volti. Hizi hedifoni umezipata wapi?

— Kanipa shemeji, mume wa dada. Alisema ni kwa ajili ya mama.

— Bure?

— Bure.

— Lo! Jasusi akajipiga paja. Kesi imekwisha. Humo ndani kuna kidude. Mama akizivaa, shemeji yako kwake kule anasikiliza siri za familia. Na huo mvumo unaokatika ni yeye, anabonyeza swichi. Ile nyumba ya mzee ina jina la nani?

Nilidhani Fundi atacheka. Hakucheka.

— Hata mimi nimeshaanza kumtilia shaka. Tangu juzi simu zake sipokei.

Nilitaka kumkumbusha kwamba shemeji huyohuyo ndiye anayempeleka mama hospitali. Lakini Fundi alikuwa ameacha kunitazama mimi, nikaona nisijitafutie balaa.

— Nyie mnatafuta mtu, mimi natafuta dawa, akasema Volti. Mvumo wenyewe ni mzito. Kata besi. Weka kapasita ndogo pale sauti inapoingilia, yote mazito yabaki nje.

Fundi akachomeka kifaa chake cha lehemu, moshi ukapanda, akavaa hedifoni. Akafumba macho.

— Umekwenda! Jamani, umekwenda!

Tukapokezana hedifoni. Sauti ya mzee ilikuwa imekonda, kama ya mtu anayeongea kwenye simu, lakini kila neno linasikika. Jasusi akasema tumewaweza. Hatukumuuliza akina nani.

Mama akatokea konani, anatembea polepole.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Semeni kwa nguvu. Shemeji yako kanishusha hapo, anasema hupokei simu.

Fundi akajifanya hajasikia. Akapangusa benchi, akamkalisha, akamvisha hedifoni kwa mikono miwili, akabonyeza. Mama akatabasamu, na mimi machozi yakanilengalenga, sina haja ya kuficha. Kisha nikaona mguu wake wa kulia unakanyaga chini, unaachia, unakanyaga tena, kama unatafuta kitu chini ya benchi. Mguu ukasimama. Tabasamu likaondoka.

— Humsikii, mama? Fundi akapaza sauti.

— Namsikia vizuri sana. Ananihadithia mambo ya kazini kwao. Wewe hujazaliwa bado. Kila jioni alikuwa anakaa karibu yangu nikishona, anahadithia, mimi nakanyaga cherehani yangu ya mota, nayo inavuma. Siku hiyo redio aliiweka mezani, akasema leo tujirekodi sote wawili.

Akazivua hedifoni, akazigeuza, akachungulia ndani yake.

— Sasa mbona yuko peke yake? Mimi niko wapi?

Volti aliangalia viatu vyake. Fundi akachomeka tena kifaa cha lehemu, na tukakaa tunangoja kipate moto, mama kazipakata hedifoni mapajani.