Nguva Kumi na Wanne wa Clementi Keraryo

"Yah: Urejeshaji wa Darubini Moja ya Kuhesabia Nguva, Mali ya Serikali." Ndivyo inavyoanza barua iliyoletwa jana, Ijumaa, tarehe 16 Machi 1984, nyumbani kwa marehemu, Nyakato, Musoma, ikiwa imeandikwa kwa jina lake, ikimtaka afike ofisini mwenyewe ndani ya siku kumi na nne, na kwa kuwa hataweza kufika, familia imeona ni adabu njema kumjibia, kwa kinywa changu mimi mdogo wake, hapa hapa Nyamuswa, mbele yenu ndugu waombolezaji, mbele ya mchungaji, mbele ya viongozi wa chama na serikali mliofunga safari kuja kumzika.

Marehemu Clementi Keraryo alizaliwa hapa Nyamuswa tarehe 3 Mei 1931, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Keraryo Magige na Mama Nyamburi, wote wawili wametangulia mbele za haki. Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake, na wazee mlioko hapa mnajua kwamba katika boma lile ng'ombe hawakuhesabiwa kwa kidole wala kwa namba, maana kuhesabu mali kwa sauti ni kuita msiba, bali mchungaji alisimama langoni jioni, akawatazama wakiingia, mwenye baka, mwenye pembe iliyopinda, yule mkorofi, na asiyeingia akajulikana kwa sura yake kabla mtu hajasema wamepungua wangapi. Elimu hiyo aliipata bila cheti, na ndiyo aliyoitumia kazini maisha yake yote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1940 papa hapa, akaendelea na shule ya kati ya misheni kuanzia 1945 hadi 1948, akafaulu, lakini baba yake akaugua na masomo yakaishia hapo. Tarehe 2 Februari 1953 aliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, akapewa kaptula, filimbi na baiskeli, akapangiwa ufuko wa ziwa kuanzia Musoma hadi upande wa Bunda, na bendera ilipobadilishwa tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa amesimama uwanjani Musoma akiwa amevaa kaptula ileile, akilia, na hakuona haya kulisimulia hilo, akisema kuanzia siku ile wanyama wale ni wetu na hatuna tena wa kumlaumu. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo kuwa Msaidizi wa Wanyamapori.

Tarehe 20 Juni 1959, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Dorkas binti wa Butiama, ambaye ndiye huyu mjane tuliye naye, na wakajaliwa watoto wanne, Boke mwaka 1960, Ryoba mwaka 1962, Marieta mwaka 1966, na kitinda mimba aliyezaliwa Februari 1976, akaitwa Shida, na sababu ya jina hilo mtaisikia muda si mrefu.

Mwaka 1968 ulikuja waraka kutoka juu. Ulieleza kwamba nguva ni mnyama anayelindwa na sheria, jambo ambalo ni kweli, na kwamba idadi yake inapungua, jambo ambalo pia ni kweli huko kwenye bahari anakoishi, na ukaagiza kila mkoa wenye maji uhesabu nguva wake kila mwaka na kujaza fomu nakala tatu. Mkoa wa Mara una maji, hilo hakuna aliyelipinga. Pamoja na waraka ikaja darubini moja, jicho la kushoto lina ukungu. Marehemu alikwenda ofisini akaeleza kwa heshima kwamba nguva ni mnyama wa maji ya chumvi, akajibiwa kwamba waraka haukutaja chumvi.

Basi akahesabu. Hakuwa mtu wa kukaa kivulini akajaza fomu. Alizunguka ghuba moja baada ya nyingine kwa mtumbwi, akawauliza wavuvi sitini na wawili, nao wakamcheka mpaka nyavu zikawatoka mikononi, wakamwambia, "Clementi, nguva wako ameolewa Mafia, tulikulaga mahari!" na watoto wa ufukweni wakamwita Bwana Nguva tangu siku hiyo. Mwaka 1969 akaandika: hakuna. Mwaka 1970 akaandika: hakuna, wavuvi sitini na wawili wameulizwa. Fomu zote mbili zilirudishwa, kwa maelezo kwamba hakuna si idadi.

Mwaka 1971, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika alichokiona, aliandika pembeni, kwa penseli, kwamba katika ghuba ya Nyakirumba wapo viboko kumi na wanne, wanaopanda kila usiku kwa njia moja kwenda malishoni, na akaomba njia hiyo iachwe wazi. Alikuwa amewatazama asubuhi kumi na moja mfululizo, kwa ule utaratibu wa langoni kwa baba yake, akawajua mmoja mmoja, dume lenye kovu la shingo, jike lenye sikio lililochanika, jike lingine lenye jino la kushoto lililovunjika, na ndama wake. Familia inapenda ifahamike kwamba hiyo ndiyo mara pekee maishani aliyoandika wanyama kwa namba, na Mzee Keraryo angekuwa hai angemkataza.

Fomu ile ilipofika mkoani ilipitia mikononi mwa karani, Bwana Kasmiri, aliyekuwa na saa moja kabla gari la barua halijaondoka. Safu ya nguva ilikuwa tupu, pembeni kulikuwa na namba, na kiboko naye anakaa majini. Akaichukua kumi na nne, akaiweka kwenye safu ya nguva.

Mwaka 1972 ikaja barua ya pongezi. Marehemu aliisoma akiwa amesimama, akapanda baiskeli bila kunywa chai, akaenda kuomba kosa lirekebishwe, akaambiwa namba imekwishafika Dar es Salaam na namba ikifika Dar es Salaam hairudi, na kwamba kwa ajili ya mwendelezo mzuri wa takwimu aendelee kuandika kumi na nne. Alikataa. Mwaka 1972, 1973 na 1974 aliandika hakuna, na kila mwaka mkono mwingine ukaandika kumi na nne juu yake, hata mkoa wetu ukasifiwa kwa nguva wasiokufa, wasiozaa na wasioonwa na mtu.

Mwaka huo wa 1974 watu walihamishiwa vijijini, na kijiji kimoja kikapangwa Nyakirumba, nyumba kwa mstari, mstari ukikatiza njia ya viboko katikati. Marehemu hakupinga vijiji, alikuwa mwanachama na kadi yake ipo, aliomba tu mstari usogezwe hatua mia nne, akaambiwa mstari umepigwa kwa rula. Mvua za kwanza viboko wakapita njia yao kama walivyozoea, mihogo na mahindi vikalala chini, wananchi wakalia, na walikuwa na haki ya kulia, maana walikuwa wamehamishwa na kupandishwa juu ya njia ya mnyama na mtu aliyekuwa na rula.

Mwezi Juni 1975 kikatolewa kibali cha kuua wanyama waharibifu, na marehemu alipokwenda kukizuia, akiendesha baiskeli kutoka Nyakato huku tairi la nyuma limefungwa mpira, alifunguliwa kitabu cha takwimu. Kitabu kilionyesha kwamba Nyakirumba haina viboko wa kuhifadhi hata mmoja, ina nguva kumi na wanne. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, kwa kuwa kibali kimesisitiza, kwa wino mwekundu, kwamba nguva wasibughudhiwe. Alisema, "Bwana mkubwa, hao ndio hao hao." Akajibiwa kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiandika miaka mitatu kwamba nguva hawapo, sasa achague moja.

Waliuawa kwa siku tatu, na tarehe 7 Julai 1975, sikukuu ya Saba Saba, nyama ikaliwa kijijini, wageni rasmi wakiwa meza kuu. Marehemu alialikwa, akaenda, akafunika sahani yake kwa sahani nyingine, akakaa hivyo mpaka hotuba ya mwisho, kisha akashuka ufukweni kwenye mafuvu, akayapita moja moja, na alipofika kwenye lile lenye jino la kushoto lililovunjika akavua kofia. Mama Dorkas anasema alirudi nyumbani akalala bila kula, na kesho yake akaandika taarifa: nguva hakuna, viboko hakuna.

Safari hii mkono mwingine haukuwepo, Bwana Kasmiri alikuwa likizo, taarifa ikafika ilivyo. Ndipo serikali ikashtuka. Nguva kumi na wanne, wanyama waliolindwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, walikuwepo, sasa hawapo, na mwenye dhamana ni Clementi Keraryo. Januari 1976 aliitwa mbele ya kamati ya watu saba, angalau watatu kati yao wakiwa wamekula meza kuu siku ya Saba Saba. Waliuliza nguva wamekwenda wapi. Akasema hawajawahi kuja. Wakamtaka alete uthibitisho kwamba hawakuwepo. Akawauliza uthibitisho wa kutokuwepo unabebwa kwa kikapu au kwa gunia, na mwenyekiti akaagiza dharau hiyo iingie kwenye muhtasari, nayo ikaingia, na ndiyo sentensi pekee ya kweli iliyomo. Tarehe 12 Machi 1976, Shida, aliyepewa jina kwa ajili ya kesi hiyo, akiwa na wiki tatu, baba yake alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Umma ndio ninyi, ndugu waombolezaji. Kama kuna aliyenufaika, anyooshe mkono.

Siku hiyo hiyo alirudisha kaptula, filimbi, baiskeli na darubini, akapewa stakabadhi, akarudi Nyamuswa kwa miguu na magari, akalima pamba, mkewe na watoto wakibaki Nyakato kwa ajili ya masomo. Hakuomba arudishwe kazini. Aliomba jambo moja tu, kwamba katika jalada lake ufutwe mstari unaosema alipoteza nguva kumi na wanne, kwa sababu watoto wake walikuwa wanasoma shule ya Mwisenge, Musoma, na kila asubuhi waliulizwa baba yao aliwauza nguva kwa nani, na kwa sababu, kama alivyozoea kusema, mchungaji anaweza kufiwa na ng'ombe, lakini hawezi kuchekwa kwa ng'ombe ambaye hakuzaliwa. Aliandika barua nane katika miaka saba. Zote zilijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Tarehe 19 Oktoba 1983 alipatwa na kiharusi akiwa shambani, akalazwa Musoma, mkono wa kulia ukakataa, na mwezi wa Februari mwaka huu akamwomba binti yake Boke amwandikie barua ya tisa, akitamka neno moja moja, na mahali pa sahihi akaweka dole gumba, yeye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote ofisini. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Barua iliyoletwa jana ndiyo jibu. Inasema jalada lake haliwezi kufunguliwa mpaka darubini irejeshwe.

Stakabadhi ya darubini, ndugu zangu, ipo. Mama Dorkas ameitunza ndani ya Biblia miaka minane, ina mhuri, ina tarehe, na sahihi ni ya Bwana Kasmiri.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani miezi mitano bila kuchoka, kwa majirani wa Nyakato waliopika na kukesha, kwa wavuvi waliokuwa wakimletea sato kila Jumapili na kumwita Bwana Nguva kwa mapenzi, kwa waumini na kwaya, na kwa wafanyakazi wenzake wa zamani, akiwemo Bwana Kasmiri mwenyewe, ambaye ameketi pale karibu na jeneza, amestaafu, macho yake si mazuri, na ambaye alikuja Alhamisi kabla hajaitwa na mtu, akapiga magoti mbele ya mjane, akasema, "Mama, ile namba niliihamisha mimi, gari la barua lilikuwa linaondoka," akaiandika kauli hiyo kwa mkono wake na kuruhusu isomwe leo. Familia inamshukuru. Ingemshukuru zaidi angekuja Januari 1976.

Kiongozi yeyote aliyeko hapa atakayerudi ofisini kesho kutwa achukue nakala ya historia hii, tumeandika tatu, kama fomu inavyotaka.

Kaka Clementi, langoni kwa Mzee Keraryo sasa umeingia wewe, naye amekutambua kwa sura, hana haja ya namba. Lala, upumzike.

Ghuba ya Nyakirumba ilikuwa na viboko kumi na wanne, wakauawa kwa kibali, wakaliwa. Nguva hawakuwahi kuwepo. Clementi Keraryo alitazama, akaona hakuna, akaandika hakuna.