Tjitske Hoekema na Mshale Uliofuata Mkondo

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bibi Tjitske Hoekema, msanifu wa mifumo katika mamlaka yetu ya maji, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Uongozi umeniomba mimi, mtunza jengo, nimwandikie wasifu. Nadhani wasomi wote waliogopa kusahihishwa naye.

Aliingia kama mchoraji wa ramani za mifereji, akapanda hadi kuwa mtu wa kujua kompyuta ipi inabeba kazi ipi. Siku yake ya kuzaliwa alileta keki kama desturi ya hapa inavyotaka mwenye siku alete, ila vipande alivikata vyembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia kimoja. Hilo tumemsamehe, kwa shida.

Hatutaisahau Alhamisi ile ya mvua. Tulikuwa tumenunua programu ya kuchora mifumo yote ya ofisi, na kikao kilipaswa kuchagua namna ya kuijaza. Njia moja ni kila idara ichore visanduku na mishale ipendavyo. Tjitske alitaka kwanza tukubaliane tuna vitu vya aina gani, kila mshale uwe na maana moja, na programu ikatae usioeleweka. Wasomi huiita ontolojia. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa fizi.

Hapa kwetu jambo halipiti mpaka kila mtu akubali. Wote walikubali kuchora wapendavyo; Tjitske peke yake akagoma. Mkate na jibini vikaisha, maziwa yakaisha, mvua ikazidi kupiga madirisha. Na saa tisa alasiri kompyuta kuukuu ya ghorofa ya chini ilikuwa izimwe kabisa, kwa kuwa mchoro wetu wa zamani ulionyesha hakuna kinachoitegemea.

"Tjitske, mama, kubali basi twende nyumbani," akasihi mkurugenzi, Bwana Ruurd. "Mshale ni mshale."

"Huu hapa unatoka kwenye kompyuta kuukuu kwenda pampu ya kuondoa maji kijijini Leechmar. Unasema nini?"

"Kompyuta inaitegemea pampu. Pampu yenyewe haiihitaji kompyuta. Mtoto anaona!"

Durk, mkuu wa pampu, akapaliwa na kahawa. "Nani kasema? Sisi tunachora kufuata mkondo! Amri inatoka kwenye kompyuta, inakwenda kwenye pampu, kama maji. Tangu enzi za babu yangu tunachora hivyo."

Kikao kizima kikauinamia mshale ule.

"Kwa hiyo tukiizima, Durk?" akauliza Tjitske, polepole.

"Pampu inalala."

"Na Leechmar?"

Durk akatazama dirishani. "Leechmar iko chini ya usawa wa bahari, mama."

Ruurd akapiga simu chini. Fundi aliyetumwa kuizima kompyuta alikuwa amevaa viziba masikio kwa sababu ya kelele za mashine, hakusikia. Nilikuwa ngazini na ndoo yangu pale mkurugenzi aliponipita kama mbuzi aliyekata kamba. Alimkuta fundi amekwisha kuchomoa waya wa kwanza, kashika wa pili.

"Acha! Usiguse!"

Waya ukarudishwa. Pampu ikaendelea kunguruma mvuani.

Kikao kiliporudi, hata Ruurd alikubali njia ya Tjitske, akitweta. Miaka iliyofuata Tjitske alituhoji mmoja mmoja: pampu ni nini, kituo ni nini, kutegemea ni nini. Durk alilalamika kwamba hata mkewe hajawahi kumhoji vile. Lakini leo ukiiuliza ramani nini kitasimama kitu fulani kikizimwa, inajibu, na haijibu kwa kubahatisha.

Tjitske, asante kwa ukaidi wako. Nenda ukapumzike, afya ikuandame, bustani yako ikutii haraka kuliko tulivyokutii sisi. Watu wa Leechmar hawajawahi kukushukuru, maana usiku ule walilala pakavu, wasijue kulikuwa na la kushukuru. Tunakushukuru kwa niaba yao.

Wobbe, mtunza jengo