Getini Walitaka Jina

Ndugu zangu wa kanisa hili, salamu zenu nimezipokea. Msinipigie makofi bado, kwa sababu baadhi yenu mmo ndani ya haya nitakayosema. Sitataja mtu. Kila mmoja atajijua.

Kakangu mnamfahamu, yule mliyezoea kumwita Bubu. Ndiye huyo aliyeketi karibu na mlango. Homa ilimziba masikio akiwa mtoto, na mama alipofariki aliniachia yeye. Hapa Pipeline mifereji ikikauka, ni yeye aliyekuwa akiwapandishia mitungi ya maji hadi orofa ya juu kabisa, na wengine wenu hamkumpa hata ahsante.

Maandamano yalipoanza kufika huku kwetu, sisi wapangaji wa ploti yetu tuliitana mkutano pale chini kwenye ngazi. Mkakubaliana kwamba vurugu zikianza geti linafungwa, na anayetaka kuingia ataje jina na nyumba yake, asikike, ndipo afunguliwe. Mimi niliinua mkono nikauliza, "Na asiyeweza kusema je?" Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Mambo ya mtu mmoja tutayaangalia baadaye, mama." Watu wakacheka kidogo. Hiyo baadaye mpaka leo naingoja.

Siku yenyewe ilinikuta Jogoo Road, kwenye hoteli ninakopika chapati. Barabara zilifungwa, tukajifungia humo ndani. Kakangu alikuwa ametoka kununua maziwa. Askari wakarusha vitoa machozi, akaona watu wanakimbia, naye akakimbilia nyumbani. Akafika getini, akagonga.

Mkauliza kutoka ndani, "Wewe ni nani? Taja jina." Akagonga tena. "Si utaje jina, bana." Akagonga kwa mikono yote miwili. Nyinyi mkanong'onezana kwamba hao ni makarao wanataka kuingia, mkazima hata redio. Askari walipofika kweli, walimkuta bado anagonga, wakamchukua.

Nawaambia bila kuficha, nina uchungu. Kwa askari sikutarajia huruma. Lakini nyinyi mlikuwa mkipikia maji aliyoyabeba mgongoni.

Nilimtafuta kituo cha polisi baada ya kituo. Kwenye kimoja niliambiwa hawana mtu wa jina hilo, nikarudi kesho yake nikakataa kuondoka. Mwishowe askari mmoja akasema, "Kuna mjeuri mmoja huko ndani. Tunamuuliza jina, anatuangalia tu." Nikajua ndiye. Walikuwa wamempiga ili aseme, na vidole vya mkono wa kulia walikuwa wamevivunja. Ndugu zangu, yeye huongea kwa mikono. Walimvunja ulimi ili wapate jina. Nililia pale pale mbele yao na sikuona haya.

Akapelekwa kortini Makadara, ati alirusha mawe na kukaidi amri. Wakili mmoja aliyejitolea, msichana mdogo tu, aliomba mkalimani wa lugha ya ishara, akapatikana. Kisha akaniambia, "Dada, tafuta mtu aliyemwona au kumsikia pale getini. Bila hivyo, itakuwa neno lake dhidi ya askari."

Nikapita mlango kwa mlango. Mkanifungulia nusu, mkasema hamkusikia kitu. Wengine ati mlikuwa mnaoga. Ploti nzima ilikuwa inaoga, siku ambayo hakukuwa na tone la maji. Nilirudi nyumbani nikaketi sakafuni, nikamwambia Mungu kwamba nimechoka na watu wake.

Kesi ilipoitwa, mlango wa korti ukafunguka akaingia mama mmoja wa orofa ya tatu, mtoto mgongoni. Alipanda kizimbani. Akasema, "Nilimsikia. Nilijua ni yeye, kwa sababu akituletea maji hugonga hivyo hivyo, kwa kiganja. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Niliogopa." Hakimu akamuuliza kama kulikuwa na mwingine aliyesikia. Akajibu, "Tulisikia sote."

Kakangu aliachiliwa.

Nashukuru wakili yule na mkalimani yule. Namshukuru pia yule mama, ingawa ufunguo alikuwa nao na siwezi kusahau. Alikosa, halafu akaja akasema mbele ya watu. Nyinyi mlifanya nini? Mlimnunia hadi akahama.

Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Amejifunza kuongea kwa mkono wa kushoto, polepole, na mimi nimejifunza kungoja. Tunakula, tunalala, tunacheka siku zingine. Hivyo ndivyo tulivyosimama tena, na si haba.

Mchungaji ameniomba niwaambie kwamba nimesamehe. Mchungaji, sijafika hapo, na sitadanganya madhabahuni. Ninachoweza kuwapa ni hiki: mkiketi kupanga namna ya kujilinda, anzeni na yule mnayetaka kumwacha baadaye. Mgonjwa, kiziwi, nyanya asiyeweza ngazi. Mkishampangia huyo, wengine wote watakuwa salama.

Na kuna jambo moja mnaloweza kufanya kuanzia leo. Kakangu hagongi tena. Hata mchana kweupe, geti likiwa limefungwa, anasimama tu nje na mzigo wake mpaka mtu atoke. Mkimkuta hapo, msimpite. Mshikeni mkono mwingie naye.